Kizibo cha Baba Kissa

Ujumbe wa kwanza wa Kissa uliingia Sekela akiwa jikoni anamenya ndizi za mchana. Kibao cha mlinzi, kile kinachopokea jumbe zinazozuiwa zisimfikie mumewe, kikatetemeka mfukoni. Akajifuta utomvu kwa tambara, akakitoa, akidhani ni yale yale ya kila siku: tangazo la mbolea, kura ya maoni, mtu wa ukoo anayeomba mchango wa harusi ambayo hata maharusi wake hawaijui. Lakini juu ya kioo palikuwa na jina la binti yao, na chini yake maandishi mekundu: *Umezuiwa na kizibo. Habari nzito. Mlinzi aamue.*

Akaweka kibao sikioni.

"Baba, shikamoo. Ni mimi. Kuna video inazunguka, sijui kama imekufikia. Si mimi, baba. Ni sura yangu, ni sauti yangu, lakini si mimi. Naomba uiangalie tu, wewe utajua mara moja. Halafu uwaambie watu. Nakuomba."

Nje ya dirisha, Anyitike alikuwa anamkatia ng'ombe majani huku akipiga mluzi. Ulikuwa mluzi usio na wimbo, wa mtu ambaye kichwani mwake hamna kitu kinachomkimbiza. Sekela alimtazama mumewe muda mrefu, kibao kikiwa bado sikioni ingawa sauti ilikwisha kunyamaza.

Mtu huyu aliwahi kuwa mhakiki mkuu kule Mbeya mjini. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Zama hizo, kama zama hizi, kila kitu kilikuwa kinasema: ukuta wa soko unasema, kioo cha basi kinasema, mfuko wa sukari ukiufungua unakusomea habari za vita, na benchi la zahanati ukilikalia linakuuliza maoni yako juu ya serikali. Video za uongo zilikuwa zimezidi za kweli, na jicho la kawaida halikuweza tena kuzitofautisha. Ndipo wakaajiriwa watu kama Anyitike, wenye jicho kali na mitambo ya kulisaidia, wakakaa kutwa mbele ya mikondo ya habari wakisema: hii imetokea, hii imetengenezwa. Redio na magazeti yalisubiri neno lake. Akawa na sifa. Kisha akaanza kurudi na kazi nyumbani, kisha akawa nyumbani lakini hajarudi. Alikula akitazama mikondo mitatu kwa pamoja. Alijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Usingizi ukamkimbia. Asubuhi moja Sekela alimkuta ameketi sakafuni bafuni, maji yanamwagika, midomo inachezacheza ikisoma vichwa vya habari visivyokuwepo, na kucha zimetafunwa mpaka damu.

Madaktari waliuita ugonjwa huo mafuriko. Wodi zilikuwa zimejaa wagonjwa wake. Wengine walikauka tu, wakafa macho yakiwa wazi.

Kilichomwokoa Anyitike ni kizibo, kitu kidogo kama punje ya kunde, kilichowekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Daktari Ngailo wa Kituo cha Utulivu aliwaeleza wote wawili siku ile.

"Hakizibi sikio, wala hakizibi jicho," alisema. "Kinachozibwa ni ule mshiko. Habari za mbali zinazomjia kwenye simu kitazizuia na kumpelekea mlinzi aliyemchagua, yaani wewe, mama. Za karibu, anazoziona na kuzisikia mwenyewe, kitaziondolea uzito. Ataona, atasikia, ila zitampita kama gari la jirani linavyopita barabarani. Na kizibo kinajifunza kwako. Ukibonyeza Ruhusu, kinajifunza. Ukibonyeza Zuia, kinajifunza pia. Kwa hiyo usibonyeze ovyo."

"Na nikikosea?"

"Kitadhani hujakosea," alisema daktari.

Anyitike hakutaka maelezo zaidi. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa. "Niondoleeni kila kitu," alisema. "Kila kitu, Mama Kissa. Nataka kulala."

Akalala. Waliuza vitu vya mjini, wakahamia shamba la urithi huko Rungwe, wakanunua ng'ombe wa maziwa. Kissa aliambiwa tu kwamba baba anapumzika; habari za kizibo hazikumfikia. Nyama ikarudi mashavuni mwake. Alijua majina ya majirani, alijua ng'ombe yupi ana kwato mbovu, alimshika mkewe mkono wakienda kanisani. Baada ya miaka ya kuishi na kivuli, Sekela alikuwa na mume.

Sasa akafungua ile video mwenyewe. Ilimbidi aione. Kissa, muuguzi wa chanjo huko Songea, amesimama na sare yake nyeupe, bomba la sindano mkononi. Anacheka. Anasema dawa ameiuza, watoto anawadunga maji, na wazazi wao wajinga wanamwambia asante. Huko Songea watoto walikuwa wanakufa kwa surua wiki hiyo hiyo. Sekela alimlea msichana huyo tangu hajui kufunga kamba za viatu, mama yake mzazi akiwa ameshazikwa. Alijua kwamba Kissa hawezi kusema maneno yale. Hata hivyo, alipomtazama akicheka, aliirudisha nyuma akamtazama tena. Kicheko kilikuwa chake kabisa.

Akimruhusu Anyitike aione, ataikalia. Ataichambua picha kwa picha, kisha atasoma walichosema watu, kisha atasoma walichojibiwa, na ifikapo jioni atakuwa bafuni sakafuni.

"Itapita," Sekela alijiambia. Mambo haya yalikuwa yanapita. Kila wiki watu walimpata wa kumchoma, na wiki inayofuata hawakumkumbuka hata jina.

Akabonyeza Zuia, akarudi kwenye ndizi.

*

Haikupita. Jumbe ziliendelea kuja, na Sekela alizisikiliza zote, kila moja amesimama mahali tofauti, stoo, nyuma ya banda, njia ya mtoni, kana kwamba kubadili mahali kungebadili kilichomo.

"Baba, wamenisimamisha kazi. Wanasema mpaka uchunguzi uishe."

"Baba, leo sokoni mama mmoja amenitemea mate. Mtoto wake alikufa. Sikuweza hata kumkasirikia."

"Baba, wamechoma chumba changu. Sikuwemo. Naona hapa imeandikwa ujumbe umepokelewa. Kama unapokea, sema hata neno moja. Sema tu unajua si mimi."

Mara nyingi Sekela alishika simu yake mwenyewe ampigie. Kidole kilifika kwenye jina, kikasita. Angemwambia nini? Akimjibu, Kissa atajua kwamba anayesikiliza si baba. Atauliza maswali, atapanda basi, atakuja, atamwangusha baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo alinyamaza, na kila mara alibonyeza Zuia, na kila mara alijiambia kwamba hii ndiyo ya mwisho, Kissa atachoka, au dunia itachoka.

Kizibo nacho kilikuwa kinajifunza.

Aligundua kwenye meza ya chakula. Siku zote Anyitike alimwita Mama Kissa. Sasa aliona kwamba siku nyingi zimepita anaitwa Sekela tu, kama walipokuwa wachumba. Mwanzoni aliona ni mapenzi. Siku hiyo akamjaribu.

"Baba Kissa, niongeze mboga?"

"Niongeze," alisema.

"Unamkumbuka Kissa alivyokuwa hapendi mnafu?"

Anyitike aliendelea kutafuna. Macho yake yalimwacha Sekela kidogo, yakaenda dirishani, yakarudi yakiwa safi. "Mvua ya mwaka huu itawahi," alisema.

"Nimesema Kissa. Binti yako."

"Eeh," alijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto anayeongea na mdoli wake. "Lazima niliezeke lile banda."

Sekela alishtuka. Alijua ni yeye aliyekifundisha. Akajisemea kesho asubuhi anakwenda kwa daktari. Lakini pale pale, chini ya ule mshtuko, alihisi kitu kingine ambacho hakumwambia mtu yeyote. Alihisi nafuu. Hata siri ikivuja, Anyitike hataumia tena.

Kesho yake hakwenda popote.

*

Kissa alifika mchana mmoja mvua ikinyesha. Alikuwa amejitanda khanga mpaka puani, na alipoifunua, Sekela hakumjua mara moja. Alikuwa amenyoa nywele zote na amekonda shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu! Ingia, umelowa."

"Baba yupo?"

"Yupo bandani. Kissa, kaa kwanza, kuna kitu nataka nikueleze juu ya baba yako."

"Nimekaa kwenye mabasi tangu jana nimefunika uso kama mwizi, mama. Sitaki kukaa. Nataka anione tu. Akiniangalia usoni atajua."

Kabla Sekela hajasema, mlango wa nyuma ulifunguka, Anyitike akaingia na ndoo ya maziwa, anakung'uta maji kwenye kofia.

"Shikamoo, baba," alisema Kissa.

"Marahaba, marahaba. Karibu, mgeni." Alitabasamu kwa ukarimu wake wote. "Mvua imekukuta njiani, eeh? Sekela, mchemshie mgeni maziwa."

Kissa alicheka kidogo. Alidhani ni utani. Baba yake alikuwa mtu wa utani kabla ya ugonjwa. "Baba, ni mimi."

"Karibu sana," alisema Anyitike. Macho yake yalimpita usoni, kama yanavyopita ukuta ambao mtu ameuona kila siku ya maisha yake. Akatua ndoo, akatafuta kitambaa cha kufunikia.

Kissa alimfuata, akamshika mikono yote miwili. Anyitike aliiacha ishikwe, kama mtu anavyoacha mkono wake kwa asiyemfahamu kanisani wakati wa kupeana amani.

"Nimekutumia jumbe, baba. Nyingi. Zote zinaonyesha umepokea. Wanasema niliua watoto. Wewe ndiye mtu pekee ambaye watu wangemwamini. Sikutaka hata uwaambie watu tena, nilitaka uniambie mimi. Niambie tu unajua si mimi."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Anyitike kwa upole. "Mambo ni mengi siku hizi." Kisha akamgeukia mkewe. "Yule ndama hajanyonya vizuri leo. Nadhani ana tumbo."

Kissa aliiachia mikono ya baba yake taratibu, mmoja, kisha wa pili.

"Kumbe na wewe umeamini," alisema.

"Hapana!" Sekela alijitosa kati yao. "Kissa, si yeye. Ni ugonjwa, mwanangu, hakusikii."

"Ameitikia shikamoo yangu, mama. Amenikaribisha maziwa. Amenisikia vizuri kabisa."

Akajitanda khanga, akatoka. Sekela alimkimbilia hadi barabarani, viatu vikibaki kwenye tope, akiita. Msichana hakugeuka. Pikipiki ilikuwa inashuka kuelekea mjini, akaisimamisha, akapanda. Sekela alipompigia baadaye, namba haikupatikana, na haikupatikana tena.

Aliporudi ndani, Anyitike alikuwa anamimina maziwa kwenye kikombe.

"Mgeni ameondoka bila kunywa?" aliuliza. "Watu wa siku hizi wana haraka."

*

"Ninaweza kukitoa," alisema Daktari Ngailo. "Kukitoa si kazi. Kazi ni kinachofuata."

Anyitike alikuwa ameketi karibu nao, ndani ya chumba hicho hicho, anatazama samaki wa mapambo kwenye tanki. Walikuwa wanamzungumzia mbele yake kama anavyozungumziwa mtoto mchanga.

"Kizibo hakifuti kitu," daktari aliendelea. "Kila alichokiona kimo humo kichwani, ila hakina uzito. Nikikitoa, uzito unarudi wote kwa pamoja. Kila ulichokizuia hapa karibu, mama, kitamwangukia kwa mpigo mmoja. Na mafuriko yenyewe yanaweza kurudi."

"Kuna waliopona?"

"Wapo. Wapo pia waliorudi wenyewe wakapiga magoti wakiomba niwarudishie. Na zipo familia ambazo zikiniona njiani zinavuka barabara."

"Na nikimwacha hivi?"

Daktari alinyoosha mkono kumwelekea mgonjwa. "Unamwona. Ana afya. Ana furaha. Anaweza kuishi hivyo mpaka uzee. Sheria inasema mwenye kizibo ndiye aulizwe, lakini mimi nitamuuliza nini?" Akapaza sauti kidogo. "Mzee Mwasomola, una watoto?"

Anyitike aligeuka, akatabasamu. "Hawa samaki mnawalisha nini, daktari? Mbona wamenona hivi?"

Daktari Ngailo alishusha pumzi. "Umeona. Swali lenyewe ndilo analozibiwa. Amebaki mlinzi."

Sekela alitoka nje, akasimama chini ya baraza. Ukuta wa kituo hicho ulikuwa mmoja wa kuta chache mjini zisizosema, na kimya chake kilimlemea. Aliyakumbuka maneno ya mumewe: niondoleeni kila kitu. Kila kitu. Mtu anayezama akisema kila kitu, anamaanisha na mtoto wake? Alikuwa amejipa jibu bila kumuuliza, siku ile ya ndizi, na tangu hapo alikuwa anaishi ndani ya jibu hilo na kulipamba. Alijua akikitoa, yule mwanamume wa mluzi hatarudi. Alijua hata akipona, atamtazama yeye na kujua. Na huu ndio ukweli aliouona akiwa amesimama pale: alichoogopa zaidi hakikuwa mafuriko. Alichoogopa ni kutazamwa.

Akarudi ndani, akasema, "Kitoe."

*

Anyitike alipozinduka alibaki ametazama dari, na kifua kikaanza kupanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia mlima. Sekela alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Yule mgeni," alisema Anyitike. "Aliyekuja na mvua."

"Ndiyo."

"Alikuwa amenyoa nywele."

"Ndiyo, Baba Kissa."

"Akanishika mikono. Nikamwambia habari za ndama."

Sauti iliyomtoka mumewe wauguzi waliisikia kutoka getini, wakaja mbio, na daktari akawazuia mlangoni. Alilia hivyo mpaka sauti ikaisha, kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe kibao."

Alizisikiliza jumbe zote. Alipomaliza ya mwisho alirudia ya kwanza. Hakumtukana Sekela wala hakumwinulia mkono. Matusi angalau yangekuwa mazungumzo. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliuliza jambo moja tu.

"Kila ilipoingia, ulikuwa unasikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Walipofika, akapanda moja kwa moja darini.

Aliwasha mitambo iliyokuwa imefungwa kwenye maboksi darini, akaanza kazi. Aliivua ile video kama anavyovuliwa maiti nguo, safu baada ya safu. Kivuli cha bomba la sindano hakikufuata taa. Midomo ilitangulia herufi kwa punje ndogo ya wakati. Lakini aliyoikamata haswa ni sauti ya kicheko, kwa sababu aliijua ilikotoka. Aliirekodi yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, siku walipolitembelea shamba hili la urithi, ndama akamburuta kwenye tope simu ikiwa mkononi, na Kissa akacheka mpaka akakaa chini. Aliipandisha mtandaoni kwa fahari ya baba. Mtu fulani, au mtambo fulani, ulikiokota kicheko hicho na kukibandika juu ya makaburi ya watoto wa Songea.

Aliweka video mbili bega kwa bega, akaeleza hatua kwa hatua, akatia jina lake kamili na cheo chake cha zamani, akaitoa. Akamtumia pia Kissa, kwenye barua pepe yake ya zamani, maelezo marefu ya yote yaliyotokea, hakuficha hata moja.

Kisha akasubiri watu waseme.

Hakuna aliyesema. Wiki hiyo dunia ilikuwa inabishana juu ya daraja lililoanguka, au ambalo huenda halikuanguka. Magazeti yaliyokuwa yakisubiri neno lake yalikuwa na wahakiki wapya, na wahakiki wapya walikuwa wodini. Waliowahi kumtukana Kissa walikuwa wamemsahau, isipokuwa wachache waliokumbuka kwa hasira, na hao wakasema baba gani asingemtetea binti yake. Wenye uwezo walikuwa wameshawekewa vizibo, na kwao habari ya watoto waliokufa ilikuwa habari nzito, ikazuiwa mlangoni. Ushahidi wake, safi kuliko wote aliowahi kuutoa, uliangaliwa na watu wasiojaza kanisa la kijijini.

Anyitike hakukubali. Alikaa mbele ya mikondo akitafuta hata mmoja aliyeuona. Akafungua mkondo wa pili, kisha wa tatu. Ng'ombe walikamuliwa na Sekela. Mluzi haukusikika tena, na alipompelekea chai, Sekela aliona midomo ya mumewe inaanza kuchezacheza.

"Nimwite daktari?"

"Akiniwekea kile kitu tena," alisema bila kugeuka, "wewe nawe hutakuwemo humu kichwani. Nitahakikisha."

*

Kissa alipiga simu alasiri moja, jua likiwa limetoka baada ya siku nyingi za mawingu. Hakumpigia baba yake. Alimpigia Sekela, kwenye simu ya Sekela, na Sekela akatoka nayo mpaka uani, karibu na kamba ya nguo.

"Kissa? Mwanangu, uko wapi?"

"Mbali. Nimevuka mpaka. Huku nina jina lingine, nauza dawa kwenye duka la mtu." Sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kutisha. "Nimepata aliyoandika baba. Nimeiona na ile kazi aliyofanya. Mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe. Yupo hapa ndani. Ngoja..."

"Hapana, mama. Nikiisikia sauti yake nitasikia 'karibu mgeni'. Najua haikuwa kosa lake. Kujua hakujanisaidia bado. Nilikuwa na swali kwako. Baba anasema jumbe zangu hakuzipata, zilikuja kwako. Ulizisikiliza?"

"Nilizisikiliza."

"Ile ya chumba kuchomwa?"

"Hata hiyo."

"Ile niliyosema aseme neno moja tu?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa namlinda. Ungemwona alivyokuwa..."

"Hilo nalielewa. Yeye ulikuwa unamlinda, sawa. Nauliza wewe." Sasa sauti haikuwa tulivu tena. "Wewe ulikuwa unanisikia. Ulijua si mimi. Umenilea. Kwa nini wewe hukunijibu?"

Sekela alifungua mdomo. Sababu zilikuwepo, alizihifadhi zote kwa mpangilio, basi, ugonjwa, kuchelea kwamba angekuja. Alizitazama sasa moja moja, na kila aliyoigusa ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Mle ndani ya zile wiki zote alizosimama stoo na nyuma ya banda na kibao sikioni, haikuwahi kumjia kwamba zile jumbe zilikuwa zimefika. Zilikuwa zimemfikia mtu. Zilimfikia yeye.

"Sijui," alisema.

"Mwambie baba sitarudi," alisema Kissa. "Si kwa hasira. Siwezi tu kuingia tena ile nyumba. Na wewe, mama, usinipigie kwenye namba hii." Akakata.

Sekela alisimama pale, mkono mmoja umeshika kamba ya nguo. Alipogeuka, Anyitike alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, shati limemlegea mabegani, na midomo, hata sasa, haikutulia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amesema nini?"

Sekela alimtazama. Aliyapima yote aliyoambiwa, neno kwa neno, na yale ambayo mtu aliyesimama mbele yake angeweza kuyabeba, na akayatenga upande huu na upande ule.

"Ameiona kazi yako," alisema. "Amesema asante."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Hakusema kama atakuja?"

"Hakusema."

Anyitike alitikisa kichwa polepole, akilifikiria jambo hilo, na kwa mara ya kwanza tangu kutoka kituoni uso wake ukalegea. Kama hakusema haji, basi atakuja. Akaingia ndani. Sekela alisikia samani zinasogezwa kwenye chumba cha Kissa, kisha akamwona mumewe anatokea mlangoni kinyumenyume, anavuta godoro la kitanda cha binti yake alitoe juani likauke unyevu. Lilikuwa zito, likakwama kwenye kizingiti.

"Mama Kissa," aliita, "nisaidie upande huo."

Sekela akaenda, akashika upande wa pili, wakalitoa pamoja.